Kabla ya Msingi: Nyumba Mpya na Sitara ya Mwenye Ulemavu



Safu hii ya familia imezoea kuzungumza habari za nyumba zetu za pwani. Wiki hii twapanda bara hadi Kericho, nchi ya majani chai, ambako wengi wa jamaa zetu wameolewa, wanafanya biashara, wanasomesha, na sasa wanajenga. Sababu ya kupanda huko ni moja. Katika ardhi ya mabonde na mvua, jambo ambalo tambarare ya pwani hulificha huonekana waziwazi: nyumba yaweza kuwa mpya, safi, yenye rangi ya kupendeza, na bado ikawa imemfungia mtu nje. Mtu huyo ni ndugu yetu mwenye ulemavu, na mara nyingi zaidi ni dada yetu au mama yetu.

Tuanze na kisa kinachojulikana. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim tunasimuliwa habari za Itban bin Malik, radhi za Allah zimshukie, Sahaba wa Kiansari aliyekuwa akiwasalisha watu wake. Macho yake yalikuwa yamedhoofika. Baina ya nyumba yake na msikiti wa watu wake palikuwa na bonde, na mvua iliponyesha bonde lile lilifurika, asiweze kuvuka. Akamwendea Mtume (S.A.W.), akamweleza hali yake, akamwomba aje aswali nyumbani kwake ili mahali hapo apafanye pa kuswalia. Mtume (S.A.W.) akaja pamoja na Abubakar, na kabla hajaketi aliuliza ni sehemu gani ya nyumba ambayo Itban angependa waswali. Itban akaashiria upande mmoja, wakasimama, wakaswali rakaa mbili.

Tuyatazame mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, kilichomzuia Itban kilikuwa nusu katika macho yake na nusu katika bonde. Siku ya jua aliweza kufika. Siku ya mafuriko hakuweza, na macho yalikuwa ni yale yale. La pili, hakuna aliyempangia. Aliulizwa yeye mwenyewe, akaonyesha kwa mkono wake. Mambo haya mawili, kizuizi kilicho nje ya mwili na haki ya kuulizwa, ndiyo kiini cha yote yanayosemwa leo juu ya nyumba na watu wenye ulemavu.

Mwenye kuijua Kericho hapati taabu kulifikiria bonde la Itban. Mji umekaa juu ya vilima, kiasi cha mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha takriban mwaka mzima, na aghalabu hushuka alasiri. Udongo ni mwekundu, ukilowa huteleza. Kiwanja kisicho na mteremko ni cha kutafutwa. Mwenye kujenga ghorofa ya kupangisha huanza kwa kuukata mlima. Mbele hupanga maduka, na juu yake vyumba vya familia, ambavyo njia yake ya pekee ni ngazi. Baina ya barabara na mlango hupita mtaro wa maji ya mvua, na juu ya mtaro huwekwa bamba la zege au ubao. Mwenye miguu miwili yenye afya huruka bila kufikiri. Mwenye gongo husimama akapima. Mwenye kiti cha magurudumu hurudi alikotoka.

Katika mashamba makubwa ya chai hali ina sura yake. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa na makampuni, na mtu hukaa humo kwa muda wa ajira yake. Akishindwa kazi, au umri ukimfikia, huondoka. Mama aliyechuma chai miaka mingi na kapu mgongoni hutoka na magoti na mgongo uliochoka, naye ndipo anapoanza kujenga kijumba chake, iwe upande wa Litein, Sotik au Bomet. Hujenga kama alivyoona wengine wakijenga: kizingiti kirefu cha kuzuia maji, choo nyuma ya nyumba, njia ya udongo baina ya viwili hivyo. Miaka michache baadaye kizingiti kile kimekuwa mlima wa pili.

Hapa ndipo tunapofikia jambo ambalo wanawake wa Kiislamu hatuwezi kulipita kwa haraka, nalo ni sitara.

Tumchukulie mfano mama wa makamo aliyepatwa na kiharusi, anayetumia kiti cha magurudumu katika nyumba mpya ya ghorofa. Upana wa kiti ni kiasi cha sentimita 65, na mikono inayosukuma magurudumu nayo yataka nafasi. Mlango wa bafu, kama ilivyo kawaida ya majengo mengi ya kupangisha, umetengenezwa kwa sentimita 70 pamoja na fremu. Kiti hakipiti. Basi kila haja, kila josho, kila udhu, ni lazima abebwe. Binti yupo shuleni, mume yupo kazini. Anayebaki kumbeba ni mkwe, au kijana wa jirani, au mlinzi wa jengo. Mwanamke aliyejisitiri tangu kubaleghe kwake sasa anainuliwa na mwanamume asiye maharimu wake, nguo zimempanda, uso ameuinamisha. Ugonjwa umemnyima nguvu ya miguu. Sitara imevuliwa na mlango.

Wako wanawake wanaopunguza kunywa maji mchana ili wasimsumbue mtu kwa kwenda chooni, mpaka wakapata maradhi mengine juu ya waliyo nayo. Wako wanaochelewesha swala wakingoja mtu wa kuwasogezea ndoo. Ni kweli kwamba sheria yetu imewarahisishia: asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kutumia maji hutayamamu. Ruhusa hiyo ni rehema ya Mola kwa mja wake mwenye udhuru. Mjenzi asiifanye kuwa ruhusa yake yeye ya kujenga bafu lisiloingilika, huku maji yapo na mfereji upo, kinachokosekana ni sentimita 20 za nafasi.

Tukumbuke pia Surat An-Nur, aya ya 61, ambayo ndani yake Allah (S.W.) ameondoa uzito kwa asiyeona, kwa kiwete na kwa mgonjwa, katika aya ile ile inayozungumzia kula katika nyumba za jamaa, kwa baba, kwa mama, kwa ndugu, kwa ami, kwa shangazi, kwa mjomba na kwa khaloo. Familia huunganishwa kwa kutembeleana. Bibi asiyeweza kupanda ngazi za mwanawe hakatazwi na mtu kuja kula. Amekatazwa na ngazi. Akiuliziwa katika harusi na aqiqa husemwa kwamba amepumzika, naye yumo chumbani anasikiliza sauti za watoto kutoka mbali.

Huenda msomaji akasema: kwetu hakuna mlemavu. Wahenga walimjibu zamani waliposema hujafa hujaumbika, nasi tumelifanya neno hilo kuwa la kutisha watoto wanaocheka, tukasahau kwamba ni agizo pia kwa anayechora ramani ya nyumba. Kisukari huchukua miguu. Shinikizo la damu huleta kiharusi. Ajali za bodaboda hatuna haja ya kuzieleza. Na asiyepatwa na yoyote kati ya hayo, akijaaliwa umri, atazeeka. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwaandika Wakenya 918,270 wa miaka mitano na zaidi wenye ulemavu, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, na tatizo lililotajwa zaidi lilikuwa la kutembea. Katika dunia nzima Shirika la Afya Duniani linakadiria watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya wanadamu, kuwa wana ulemavu mkubwa. Nyumba hudumu miaka 50 na zaidi. Ni nyumba gani itakayoishi miaka hiyo yote bila kuingiliwa na mzee, mgonjwa, mjamzito au mtoto asiyetembea?

Serikali ya nchi yetu haikulinyamazia jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya nyumba ya kutosha inayofikika, pamoja na usafi unaostahili. Kifungu cha 54 kimetaja kwa jina haki ya mwenye ulemavu kutendewa kwa heshima na kufikia mahali pote kwa kadiri inayowezekana. Kabla ya hapo, mwaka 2008, Kenya ilikuwa imeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye majengo ya umma wayarekebishe katika muda wa miaka 5. Lakini neno lile, majengo ya umma, liliacha pengo kubwa. Hospitali, benki na ofisi zikatazamwa; nyumba ya kupanga, ambamo mtu hulala, huoga na huswali, ikabaki kando. Mwenye kiti cha magurudumu akaweza kuingia benki kutoa fedha, asiweze kuingia bafuni kwake.

Mwezi Mei 2025 ilitiwa saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua nafasi ya ile ya 2003, baada ya mswada uliopelekwa katika Seneti na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona kwa maradhi ya glakoma. Na mwezi Machi mwaka huo huo zilianza kutumika Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024, badala ya zile za 1968. Pamoja na hayo, tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Mwalimu wa Kericho, muuguzi wa Bomet na karani wa kiwanda cha chai wote wanazijenga nyumba zile kwa jasho lao. Mwenye kuchangia ana haki ya kuuliza: je, mama yangu ataweza kuingia?

Ila sheria haiendi kiwanjani kushika mwiko. Wakati wake wa kufanya kazi ni mmoja, nao ni pale ramani inapopelekwa kwenye kaunti kuidhinishwa, kabla ya jiwe la kwanza. Baada ya hapo kila siku inayopita huongeza gharama. Kupanua mlango kwenye karatasi ni kazi ya kifutio na penseli. Kuupanua ukutani, baada ya lipu na marumaru, ni kuvunja, kununua fremu mpya, na kuiomba radhi familia iliyohamia tayari.

Basi ni yapi ya kumwambia fundi na mchora ramani? Tutayataja yale yaliyo makubwa, kwa vipimo, ili mama wa nyumba aweze kwenda na utepe wake wa kupimia.

Mlango. Nafasi tupu ya kupita, baada ya kuondoa fremu, isipungue sentimita 80, na 90 ni bora. Hili ni la mlango wa nje, wa chumba kimoja cha kulala, na zaidi ya yote wa choo na bafu. Mlango wa bafu ufunguke kwa nje, kwani mtu akianguka ndani mwili wake huuzuia mlango unaofunguka kwa ndani.

Kizingiti. Kisiwepo, au kiwe cha sentimita moja au mbili tu. Wenyeji wa Kericho watasema kwamba kizingiti huzuia maji ya mvua, nao wana haki. Dawa yake ni paa lililotokeza mbele ya mlango, na mfereji mwembamba sakafuni wenye kifuniko cha chuma chenye matundu, utakaomeza maji kabla hayajaingia.

Njia ya mteremko. Kipimo kinachokubaliwa na wengi ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda itakiwe sentimita 12 za urefu. Mlango ulioinuka sentimita 30 wahitaji njia ya mita 3.6, ulioinuka sentimita 60 wahitaji mita 7.2. Wengi hujenga mteremko mfupi uliosimama kama ukuta ili mkaguzi auone, na hapana awezaye kuupanda. Katika mvua ya alasiri huwa hatari kwa wenye afya pia. Uso wake ukwaruzwe usiteleze, na pembeni pawe na chuma cha kushikia.

Choo na bafu. Pawe na nafasi ya mduara wa mita 1.5 ili kiti kiweze kugeuka. Choo kiwe cha kukaa, walau kimoja katika kila nyumba, na bomba la kustanjia liwe upande ambao mkono wa aliyeketi hulifikia. Ukuta wa pembeni uwekwe chuma cha kushikilia, kilichopigiliwa katika tofali na si katika marumaru pekee. Mfereji wa udhu uwe wa kimo cha kumfaa aliyeketi, na uwe wa kufunguliwa kwa kusukuma, kwani vidole vyenye baridi yabisi havizungushi.

Swichi na kitasa. Viwe katika kimo cha mita moja hivi, si juu ya kichwa cha aliyeketi. Kwa asiyeona vizuri, rangi ya fremu iwe tofauti na ya ukuta, na ukingo wa kila ngazi upakwe rangi inayong'aa. Kwa asiyesikia, kengele ya mlango iunganishwe na taa.

Sasa turudi kwenye mteremko wa Kericho, ambao wengi huutaja kuwa udhuru. Mwenye kiwanja kilichoinama ana neema ambayo mwenye tambarare hana. Upande wa chini, ghorofa ya kwanza hulingana na ardhi. Upande wa juu, ghorofa ya pili nayo hulingana na ardhi. Mchora ramani mwenye busara huweka mlango katika kila upande, na familia mbili za watu wenye ulemavu zikaingia pasipo ngazi wala lifti. Mlima ule ule uliokuwa kizuizi umegeuka kuwa ngazi ya bure. Kinachotakiwa ni kufikiri kabla tingatinga halijaanza kukata.

Nasi wa pwani tusijione tumesalimika. Nyumba za mawe za Lamu na Mombasa, kwa uzuri wake wote, zina daraja za kupanda barazani, daka, na ngazi nyembamba zinazopanda wima hadi orofa ya juu. Mabibi wangapi wamemaliza miaka yao ya mwisho juu bila kuiona njia? Wazee wetu walijenga kwa elimu ya zama zao na kwa viwanja vilivyobanana. Sisi tunaojenga leo Kericho, Mtwapa au Likoni tuna elimu zaidi na nafasi zaidi, na kwa hiyo hesabu yetu ni nzito zaidi.

Kamati za misikiti na wenye kuweka wakfu wana sehemu yao. Nyumba za wakfu zinapojengwa kupangishwa, vyumba vya chini vitengwe kwanza kwa wenye ulemavu na wazee, na kodi yake isizidi ya wengine. Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kwamba Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715, alimwekea kila kiwete mhudumu na kila kipofu kiongozi kwa fedha za hazina. Ikiwa dola ya zama zile ililiona hilo kuwa wajibu wake, kamati yenye jengo la ghorofa tatu haishindwi na mlango mpana.

Na kina mama wana sehemu kubwa kuliko wanavyodhani. Vyama vyetu vya akiba ndivyo vinavyonunua viwanja siku hizi. Mume huulizia bei ya saruji; mke ndiye ajuaye bibi analala wapi na nani humwogesha. Basi kabla chama hakijalipa fedha ya ramani, mwenye ulemavu mmoja aitwe aketi na mchoraji, aulizwe kama Itban alivyoulizwa: wapi ungependa? Atayaonyesha ambayo hakuna mwenye macho na miguu aliyeyaona. Na kabla ya kupanga nyumba, mama achukue utepe, apime mlango wa bafu mwenyewe. Wapangaji wengi wakiuliza swali moja, wenye nyumba hubadilika upesi kuliko kwa barua za serikali.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni katika matawi ya imani. Tumezoea kufahamu hilo kuwa ni mwiba na jiwe la barabarani. Kwa dada aliyeketi kitini, kizingiti cha mlango ni jiwe lililoko njiani kila asubuhi, nasi ndio tuliolijenga kwa mikono yetu na kwa fedha zetu. Asiyelijenga toka mwanzo amepata thawabu ya kuliondoa, na nyumba yake itaendelea kumwandikia kila inapoingiwa na mdhaifu.

Ewe Mola wetu, tupe nyumba zenye wasaa, zenye kumsitiri mwenye nguvu na asiye na nguvu, na utujaalie uzee wenye heshima. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.